Mama Fotokopi na Viwavi wa Ukurasa wa Tatu

Wifi yangu hajui kunyamaza akiwa na jambo, na mimi sijui kunyamaza akiwa nalo yeye, kwa hiyo chumba chetu cha kazi hakijawahi kuwa kimya tangu tulipokipanga. Ni chumba kimoja chenye milango miwili. Upande wa kulia ni wangu: cherehani, meza ya kukatia, na kioo kirefu ambacho wateja wote hukisingizia kwamba kinawanenepesha. Upande wa kushoto ni wake: kompyuta, printa, mashine ya kubaindi, na lile dude lake la kutoa kopi, ambalo likiwashwa taa yangu hufifia na mshono wangu hupinda. Yeye ni mke wa kaka yangu, fundi bomba. Mimi ni dada mtu, kwa hiyo kumsema ni haki yangu ya kuzaliwa, na msinifikirie vibaya nikiitumia.

Mtaa mzima unamwita Mama Fotokopi. Kazi yake kubwa ni miradi ya shule. Mzazi anaingia mbio, mtoto amemwambia asubuhi hiyo hiyo kwamba leo ndiyo siku ya kukabidhi, na mradi wenyewe ni wa volkano. Wifi hapepesi macho. Anafungua faili la volkano, anafuta jina la mtoto wa mwaka jana, anaweka la mwaka huu, anachapa, anabaindi kwa plastiki ya buluu, na mzazi anatoka akimshukuru Mungu. Ana volkano, ana mmeng'enyo wa chakula, ana vyanzo vya maji, ana faida na hasara za kila kitu. Ukimuuliza kuhusu jambo lolote duniani anakujibu kurasa tatu na picha moja, halafu anaishiwa.

Lakini shule yenyewe hakumaliza. Aliacha akiwa mwaka wa pili wa sekondari, mama yake alipougua na yeye ndiye alikuwa mtoto mkubwa. Alisema anatoka muhula mmoja tu. Muhula huo ukawa miaka ishirini na sita.

Siku moja aliletewa tangazo la masomo ya jioni ya watu wazima, alitolee kopi mia tatu. Alitoa mia tatu na moja. Ile moja aliikunja mara nne, akaificha chini ya kibodi, akidhani sioni. Mimi naona kila kitu, ndiyo maana naweza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Hii haikuwa mara yake ya kwanza kujaribu. Mara ya kwanza alikatishwa na mimba ya kitinda mimba wake, na mara ya pili kaka yangu alianguka kutoka kwenye paa la watu akavunjika mguu, wifi akawa muuguzi badala ya mwanafunzi. Hii ilikuwa ya tatu, na aliniambia waziwazi, "Wifi, nikishindwa safari hii sirudi tena. Nimechoka kuwaambia watu naanza shule."

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi, saa kumi na moja jioni, watoto wakishaondoka. Watu wazima kumi na saba walikalia madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea, mlinzi wa benki, mfuga kuku jirani yetu, na wengine. Mwalimu wa historia alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, anayewaita watu wa umri wa mama yake "ndugu wanafunzi". Siku ya kwanza aliwaambia sharti: kila mtu ataandika mradi kuhusu ustaarabu mmoja wa kale. Atakayepata chini ya alama hamsini hatasajiliwa kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Halafu akazungusha kofia yenye vikaratasi, kila mtu akachomoa bahati yake.

Wifi alichomoa China ya Kale. Alicheka mpaka mlinzi wa benki akamsogezea chupa ya maji.

Nieleze kwa nini alicheka. Kati ya miradi yote ya wifi yangu, hakuna uliotamba kama wa China ya Kale. Kurasa sita, na picha ya ukuta mrefu. Kila aliyesoma katika mji huu kwa miaka kumi na minne ama aliukabidhi, ama aliunakili kwa aliyeukabidhi. Na kila mtu anaukumbuka kwa ajili ya ukurasa wa tatu, unaosema kwamba Wachina wa kale waliwaimbia viwavi wa hariri kila jioni, na kwamba kiwavi asiyeimbiwa husokota uzi mfupi. Mshereheshaji wa harusi zetu hana hotuba nyingine: "Bwana harusi, muimbie mkeo kama Wachina walivyowaimbia viwavi!" Watu wanapiga vigelegele. Mfuga kuku naye aliusoma kwenye daftari la mwanawe, akaanza kuwaimbia kuku. Anaimba vibaya, na banda lake liko nyuma ya dirisha langu.

"Ninao, mwalimu!" wifi alisema. "Upo kwenye mashine, nitakuletea kesho."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Mtaandika kwa mkono, kutoka vitabu vya maktaba. Nawajua watu wa steshenari."

Watu kumi na sita waligeuka wakamtazama.

Basi wifi akaenda maktaba. Maktaba yetu ni chumba kimoja juu ya posta, na watu huenda huko kusoma magazeti na kuchaji simu. Mkutubi alipomwona mtu mzima anaomba kitabu, tena kwa kutaja somo, alisimama. Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa na hakiruhusiwi kutoka, kwa hiyo wifi alikwenda kila siku mchana na daftari lake, akaniachia mimi lile dude. Karatasi zilikwama. Wino ulinimwagikia mkono mzima mpaka kiwiko. Mtu alileta cheti cha kuzaliwa, nikakitolea kopi upande usio na maandishi, mara nane. Nilimlaani wifi yangu na Wachina wote, walio hai na waliokufa.

Yeye alirudi macho yanang'aa. "Wifi, unajua mfalme wa kale huko China akiumwa jino alifanyaje?"

"Aling'oa."

"Aliuliza mfupa!"

Akanieleza, nami nikiwa na pini mdomoni siwezi kujitetea. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, walichukua mfupa wa bega la ng'ombe, au gamba la kobe, wakalitoboa vishimo nyuma bila kupenya, wakagusisha moto hapo mpaka mfupa upasuke. Ule ufa ndio jibu. Na swali walilichonga pale pale kwenye mfupa: Mvua itanyesha? Vita vitakwenda vizuri? Jino la mfalme linauma kwa sababu ya babu aliyekufa na kukasirika? "Na mara nyingine, wifi, wakishamaliza, wanachonga na kilichotokea kweli! Mfalme mzima amebashiri, na chini yake wanaandika mambo yalivyokuwa."

"Mimi ningekuwa mfalme ningewakata vichwa."

Hakunisikiliza. Kesho yake aliomba mfupa wa bega kwa muuza nyama, akaukwangua kwa wembe wangu wa kufumulia nyuzi, akautoboa vishimo kwa msumari wa kaka yangu, na jioni akauweka kwenye jiko la mkaa mlangoni petu. Ndani nilikuwa nimetundika gauni la bibi harusi, jeupe, la kuchukuliwa asubuhi. Kaka yangu akarudi kazini na njaa yake.

"Chakula kiko wapi?"

"Subiri, nauliza kama nitafaulu."

Mfupa ulilia kama fataki. Kipande kiliruka kikagonga bati, majivu yakatua juu ya gauni la watu, na harufu ya mfupa ulioungua ikakaa chumbani siku tatu. Wifi alipiga magoti akauchunguza ufa. "Umeelekea juu," akasema. "Nitafaulu." Nilimwambia umeelekea kwa bibi harusi, na kwamba yeye ndiye atakayelifua hilo gauni. Alilifua, huku akiendelea kunieleza habari za shaba na karatasi, na mimi, nasema ukweli, nilianza kumsikiliza. Miaka kumi na tisa nimeishi na mwanamke huyu, sikuwahi kumsikia akivuka ukurasa wa tatu wa kitu chochote.

Wiki ya nne alifika kwenye hariri. Siku hiyo alirudi kimya. Aliketi, akawasha kompyuta, hakugusa kibodi. Nikashikwa na hofu, nikadhani kuna msiba.

"Nani?" nikauliza.

"Viwavi," akasema.

Kitabu kilieleza kila kitu kuhusu hariri: majani ya mforsadi yanayokatwakatwa kuwalisha viwavi, vitanda vyao vya mianzi, namna wanavyojizungushia kifukofuko, namna kifukofuko kinavyotiwa maji ya moto na kuzongolewa uzi mmoja unaoweza kuzidi nusu kilomita. Kuimba, hakuna. Alikisoma mara tatu. Alimwita mkutubi wakatafuta pamoja vitabu vingine viwili. Hakuna. Na hapo ndipo alipokumbuka kuimba kulikotoka.

Miaka kumi na minne nyuma, asubuhi ya mvua, alikuja mtoto amelowa chapachapa na mradi wa China aliouandikiwa na mjomba wake kwa kalamu ya wino. Ilibidi ufike shuleni saa mbili, na ilikuwa saa moja na nusu. Wifi akachapa ukurasa wa kwanza, akachapa wa pili, akafunua wa tatu, akakuta buluu tupu. Mvua ilikuwa imeusoma kabla yake. Maneno yaliyosalia yalikuwa matatu: hariri, viwavi, jioni. Mtoto alilia. Mgongoni mwa wifi alikuwepo mwanawe wa kwanza, mchanga, naye analia, na wifi alikuwa anamwimbia ili apate kuchapa. Basi akaandika alichokuwa anafanya. Akasema viwavi waliimbiwa jioni. Ukurasa ukabaki na nafasi, akaongeza kwamba ikulu ilikuwa na Waziri wa Viwavi, mwenye sauti nyororo kuliko watu wote wa ufalme. Akabaindi. Mtoto akaondoka mbio, akashinda zawadi ya shule, na wiki iliyofuata wazazi wakapanga foleni wakitaka "ule ulioshinda".

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nilimfikiria mfuga kuku, nilimfikiria mshereheshaji, nikacheka upya. Wifi yangu hakucheka hata kidogo.

Aliandika mradi wake bila kuimba. Kurasa kumi na nane, kwa mkono, mistari imenyooka. Akampelekea Mwalimu aukague kabla ya siku ya kuuwasilisha. Ulirudi na wino mwekundu ukurasa wa mwisho: "Kazi nzuri, lakini umeacha jambo kuu kuliko yote. Viwavi WALIIMBIWA! Kwa kasoro hii, alama 38. Rekebisha kabla ya Alhamisi."

"Sentensi moja tu," nikamwambia. "Andika waliimbiwa, chukua alama zako, nenda kafanye mtihani. Nani ataumia? Wachina?"

"Siwezi."

"Umeweza miaka kumi na minne! Umeweza watoto wa mji mzima! Leo ndiyo umeota dhamiri?"

"Ile ilikuwa na majina ya watu, wifi. Hii ina jina langu."

Nilimwambia jina lake halitakuwa na maana yoyote likikosekana kwenye orodha ya mtihani. Nilimwambia ana kiburi. Nilimwambia na mengine ambayo siyarudii hapa, maana nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilitokana na kumwogopea. Nilikuwa nimeiona ile kopi ya mia tatu na moja chini ya kibodi. Nilijua kinachokwenda kupotea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimshonee kitambaa cha kuonyesha hatua za hariri.

Nilimshonea, nikinuna. Alhamisi jioni nikaenda nimekishika, kwa sababu kila mwanafunzi aliruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Kiwavi wangu alitoka mnene kidogo; mlinzi wa benki aliniuliza kama ni soli ya kiatu.

Wifi alisimama mbele akaeleza mifupa, akaeleza karatasi, akaeleza shaba. Hakusoma popote. Fundi wa kuchomelea alipouliza shaba iliyeyushwa kwa moto wa namna gani, alimjibu, na fundi akatikisa kichwa kwa heshima. Akafika kwenye hariri, akaonyesha soli yangu, akamaliza. Watu wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga.

"Na kuimbiwa, ndugu mwanafunzi?"

"Hawakuimbiwa, mwalimu."

Darasa likaguna. Mfuga kuku alisimama, dawati likainuka naye. "Mama Fotokopi, usituchezee. Mimi nawaimbia kuku wangu mwaka wa sita huu kwa ajili ya ukurasa ule, na wanataga!"

"Wanataga, jirani, lakini si kwa ajili ya Wachina."

Mwalimu alikwenda kwenye mkoba wake. Alitoa kitu kilichofunikwa kwa nailoni ngumu, akakishika kwa mikono miwili namna watu wanavyoshika cheti cha ndoa. Ulikuwa mradi wa mtoto, wenye plastiki ya buluu, na muhuri wa zawadi ya kwanza juu yake. "Huu niliuandika mimi," akasema. "Yaani, mjomba wangu aliuandika, mimi nikaukabidhi. Mjomba wangu alikuwa mtu msomi. Ukurasa wa tatu, hapa. Soma mwenyewe."

Wifi aliupokea. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajua kabla hajasema. Mimi ningerudisha ule mradi na kukaa chini. Naapa ningekaa.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mjomba wako aliandika ukurasa wa kwanza na wa pili, na wa nne mpaka wa sita. Wa tatu ulinyeshewa. Ulikuwa umevaa sweta la kijivu lililokuzidi mikono, na ulikuwa unalia. Nikauandika mimi. Niliutunga. Nisamehe, mwanangu."

Mwalimu alimtazama, na nadhani alikuwa anatafuta usoni pa mama huyu mtu aliyekuwa na mtoto mgongoni. Kisha akauchukua mradi wake, akaurudisha ndani ya mkoba, akakosa tundu la kufuli mara mbili, na akatoka nje bila kusema darasa limekwisha.

Mfuga kuku ndiye aliyesema wa kwanza. "Sasa kuku wangu wanataga kwa sababu gani?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimekunja kitambaa kwapani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa "nilikwambia", lakini nilipomtazama alikuwa analia bila kujifuta, nikayameza. Nilimshika mkono. Hatujawahi kushikana mikono, mimi na wifi yangu, tangu siku aliyoolewa, na siku ile tulishikana kwa ajili ya wapiga picha.

Ijumaa hakuja kazini. Jumamosi alikuja, akafungua kompyuta, akakaa. Saa nne Mwalimu akaingia. Nilishika mkasi wangu mkubwa, si kwa nia mbaya, nilitaka tu auone. Aliketi kwenye benchi la wateja, kifungo cha juu kimefunguliwa.

"Jana nilishinda maktaba," akasema. "Hawakuimbiwa."

"Hawakuimbiwa," wifi akakubali.

"Nimefundisha miaka minne. Nimewakata watu alama."

Wifi akainamisha kichwa.

"Na Waziri wa Viwavi? Naye?"

"Naye, mwalimu."

Alifumba macho. Nilidhani atafoka, na badala yake akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mimi nilitaka kuwa yeye. Niliusoma ukurasa ule mpaka nikaukariri. Mjomba alipofariki, ndio nilioutunza. Nilipokua nikaona kazi hiyo haipo, nikasema basi, nitasoma historia, labda nitakutana naye huko. Ndiyo nikawa mwalimu."

Nikaweka mkasi chini. Wifi alinyanyuka, akazunguka meza yake, akaketi kwenye benchi karibu naye. "Yale maneno yalikuwa ya mwanangu," akamwambia. "Nilikuwa namwimbia yeye. Na wewe ulikuwa unalia, sikuwa na la kukupa. Nikakuandikia lililokuwepo."

Mteja alichungulia anataka kopi, nikamfukuza kwa macho.

Kisha Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kurasa kumi na nane za wifi yangu. Thelathini na nane ilikuwa imekatwa. Juu yake palikuwa na themanini na nne, nayo imekatwa, na pembeni sabini na nne, imezungushiwa duara.

"Kumi nimezitoa," akasema, na sauti yake ya darasani ikarudi, "kwa kuchelewa kuleta masahihisho miaka kumi na minne."

Wifi yangu alitoa kilio ambacho kilikuwa kicheko kwa nusu, au kicheko ambacho kilikuwa kilio, sijui. Mimi nililia waziwazi. Nilimwambia Mwalimu avue shati lake nimshonee kile kifungo vizuri, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Baada ya hapo wifi alifuta faili la China kwenye mashine. Alichapa tangazo kwa herufi kubwa, akalibandika mlangoni: VIWAVI HAWAKUIMBIWA. ILIKUWA MIMI. SAMAHANI. Mji ulitutembelea. Mzee mmoja alidai alifunga ndoa kwa hotuba ile na sasa anataka kujua ndoa yake imesimama wapi. Mshereheshaji alisoma tangazo mpaka mwisho, akasema yeye haachi, watu wanaipenda. Mfuga kuku alinyamaza siku mbili. Ya tatu nikamsikia tena nyuma ya dirisha, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru Mungu kwa sauti ile. Wazazi wanaotaka mradi wa China wifi anawaelekeza maktaba. Wengi wanavuka barabara, maana steshenari ya ng'ambo wameunakili zamani, pamoja na kuimba kwake na waziri wake. Wifi anawatazama wakivuka, anauma meno, anaendelea na kazi.

Mwezi uliofuata orodha ya watahiniwa ilitumwa kwenye barua pepe, pamoja na kibali cha kila mmoja. Alifungua chake mwenyewe kwenye kompyuta yake. Akakichapa. Karatasi ilipotoka aliishika kwa ncha za vidole, akanipa, akasema miwani yake imefifia.

Wifi yangu havai miwani. Nikaipokea karatasi, nikasimama katikati ya chumba. Palikuwa na namba ya mtahiniwa, na chini yake majina yake matatu kamili, ambayo mara ya mwisho niliyasikia siku ya harusi yake na tangu hapo hakuna aliyeyatumia, hata mimi. Nikayasoma kwa sauti: lake, la baba yake, la ukoo wake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.